Serengi moja kwa wanawake wanne: hofu baada ya sindano za urembo

SWALI

Mama Docta, jambo. Nina miaka 29, nimeolewa, nina watoto wawili, tunakaa Kadutu hapa Bukavu. Kabla ya harusi ya shemeji yangu tulikuwa wanawake wanne tuliokuwa tunapigwa sindano za kung'arisha ngozi kwa mama mmoja wa saluni. Mara mbili za kwanza kila mtu alipata serengi yake, yaani bomba la sindano. Mara ya tatu akasema serengi zimeisha, imebaki moja. Akaitoa kwenye paketi yake, akafungua chupa ya dawa mbele yetu, akatupiga wote wanne na serengi hiyo hiyo. Sindano ya mbele tu ndiyo alikuwa anabadilisha. Mimi nilikuwa wa nne. Leo ni siku ya 40. Nilipima Sida (Ukimwi) siku ya 12, nikapima tena siku ya 30, mara zote wakaniambia hakuna kitu, lakini silali. Usiku natoka jasho, nimekonda, shingoni nagusa tezi. Kwenye tako, pale pale nilipopigwa, kuna kivimbe kigumu kilichoanza wiki mbili hizi, hakiumi sana. Kwenye WhatsApp nimesoma habari za wanawake wa Marekani walioambukizwa kwa urembo wa uso. Bwana yangu hajui kitu, kitandani namkimbia. Je, nimeambukizwa? Na zile sindano mbili zilizobaki, ambazo nimeshalipia, nizimalize au niache?

JIBU

Dada yangu wa Kadutu, nianze na jibu unalolingoja, mengine yatafuata. Uwezekano kwamba ulipata virusi vya Ukimwi siku ile ni mdogo sana, na kipimo chako cha siku ya 30 kimeupunguza tena. Kinachonihangaisha mimi nikisoma barua yako ni kile kivimbe. Baada yake ni homa ya ini, ambayo hukuitaja hata mara moja. Kwa hiyo woga unao, na sababu ya kuogopa ilikuwepo, ila umeuelekeza wote mahali pamoja na kuacha penye kazi ya kufanya.

Hukuzidisha mambo. Kilichofanyika siku ile ni hatari ya kweli. Watu wengi, hata baadhi ya wanaopiga sindano kama kazi, wanaamini uchafu unakaa kwenye chuma kinachoingia mwilini, basi ukibadilisha chuma hicho umemaliza. Sivyo. Sindano inapochomwa kwenye nyama, na zaidi inapochomolewa, majimaji kidogo ya mwili hurudi nyuma hadi kwenye mdomo wa serengi, machache mno kuonekana kwa macho. Sindano mpya inayopachikwa hapo inapokea kilichoachwa na mtu wa mbele. Na serengi hiyo ikirudi kwenye chupa kuvuta dawa ya mtu mwingine, chupa nayo imeingiliwa. Ndiyo maana kanuni yetu haina mjadala: mtu mmoja, serengi moja, sindano moja, halafu vyote vinatupwa.

Sisi Wakongomani tulilipia somo hilo kwa bei kali. Mwaka 1976, kule Yambuku katika Equateur, wauguzi wa hospitali ya misheni walikuwa wanapewa serengi 5 kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa siku hiyo, wanazisuuza kwa maji ya vuguvugu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ebola ikapita humo. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Sikutajii Yambuku ili nikuongezee usiku wa kukesha. Nakutajia ili uone kwamba serengi ni njia tu, na aina ya virusi vinavyopita ndani yake inabadilisha kila kitu. Ebola hujaa kwenye damu ya mgonjwa kwa wingi wa kutisha. Virusi vya Ukimwi, kwa njia hii ya sindano, ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani.

Tunalijua hilo kutokana na wauguzi na madaktari waliojichoma kwa bahati mbaya na sindano yenye damu ya mgonjwa. Mgonjwa akiwa na virusi vya Ukimwi, kati ya waliojichoma 1,000 huambukizwa kama 3. Akiwa na homa ya ini C, hawazidi 20 hivi. Akiwa na homa ya ini B, na aliyejichoma hana chanjo, ni kati ya 60 na 300. Rudia kusoma hizo namba tatu taratibu. Unakesha kwa ajili ya ile ndogo kuliko zote.

Tena hizo ni namba za mtu anayejua kwamba mgonjwa wake ana virusi. Wewe hujui hivyo. Katika barua yako umeandika jambo la thamani sana, sijui kama uliliona: serengi ilitoka kwenye paketi, na chupa ilifunguliwa mbele yenu. Maana yake hakuna mteja wa jana wala wa juzi katika habari hii. Wako wanawake watatu waliokutangulia, basi. Ili upate Ukimwi, lazima mmoja wao awe na virusi, na katika Congo kwa wastani watu wazima wenye virusi hawafiki 1 kwa kila 100. Lazima pia awe hatumii dawa, maana anayezitumia vizuri, virusi karibu vinatoweka kwenye damu yake. Lazima damu yake ibaki kwenye serengi, na ibaki ya kutosha. Ukikisia kwa moyo mbaya kabisa unabaki na nafasi moja katika maelfu.

Kuhusu wale wanawake wa Marekani: habari ni ya kweli, si uzushi wa WhatsApp. Ilikuwa mwaka 2018 katika mji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico, kwenye saluni isiyo na kibali. Shirika la serikali yao linaloshughulika na magonjwa ya kuambukiza, CDC, lilitoa ripoti mwaka 2024: angalau wateja 3 walipata virusi vya Ukimwi pale. Lakini angalia huduma yenyewe ilikuwa nini. Mteja anatolewa damu kwenye mkono, damu inatayarishwa, halafu inarudishwa usoni kwa sindano nyingi ndogo ndogo. Wakaguzi walikuta mirija ya damu isiyo na majina, mingine kwenye friji ya jikoni pamoja na chakula. Pale damu yenyewe ndiyo iliyokuwa dawa, na ya huyu iliweza kuchanganyika na ya yule. Kwako tunazungumzia mabaki ndani ya mdomo wa serengi. Habari ile inatufundisha kwamba jambo hili linawezekana. Haisemi kwamba limekutokea.

Sasa nakuomba jambo gumu kidogo. Hao wenzako watatu mliokata kikwembe kimoja cha harusi ndio ufunguo wako. Nao pia hawako salama kabisa: wa pili alipokea mabaki ya wa kwanza, wa tatu ya wote wawili. Wanahitaji kupima kama wewe. Usiende kwao na swali la "nani kati yenu anaumwa?", hiyo itawasha moto ambao hautazimika mpaka harusi nyingine. Nenda na sentensi hii: "Ile siku ya serengi moja, docta ameniambia wote wanne tupime Ukimwi na homa ya ini, mimi nakwenda Alhamisi, twende pamoja." Kila mtu anaingia peke yake na anapokea jibu lake peke yake. Hakuna anayelazimika kuonyesha karatasi, na sheria yetu ya mwaka 2008 inayolinda haki za watu wanaoishi na virusi inalinda na siri ya matokeo. Lakini mara nyingi marafiki wakitoka wanaambiana. Wote watatu wakiwa hawana virusi vya Ukimwi wala homa ya ini, basi hapakuwa na kitu cha kukupitishia, isipokuwa ile nafasi finyu kwamba mmoja alikuwa ameambukizwa siku chache kabla. Hakuna dawa ya usingizi nitakayokuandikia itakayofanya kazi kuliko majibu hayo matatu.

Vipimo vyako wewe vinataka tarehe, na hapa ndipo ulipojichosha bure. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu la kidoleni, hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili unawatengeneza dhidi ya virusi, na askari hao huchukua kati ya siku 23 na siku 90 kufikia kiasi cha kuonekana. Kupima siku ya 12 ni kama kupanda maharage jioni na kurudi asubuhi kuangalia kama yameota. Kipimo kile kilikwambia jambo moja tu, zuri lakini si ulilouliza: miezi kadhaa kabla ya sindano hukuwa na virusi. Cha siku ya 30 kina uzito, maana walioambukizwa wengine wangekuwa wameanza kuonekana. Ila hakijafunga mlango.

Mlango unafungwa hivi. Ukipata maabara inayotoa damu kwenye mshipa na kutumia kipimo cha kizazi cha nne, kinachotafuta askari pamoja na kipande cha virusi vyenyewe, jibu la siku ya 45 ni la mwisho. Hiyo ni siku tano kutoka leo. Uliza kwenye hospitali kubwa, mwite mkuu wa maabara, umwulize kwa jina hilo hilo, asikupe kile cha kidoleni akakuambia ni kile kile. Usipokipata, kipimo cha kidoleni cha siku ya 90 ni cha mwisho pia. Andika tarehe hizo kwenye karatasi. Katikati yake usipime tena. Kila kipimo cha katikati kitakupa utulivu wa siku moja, halafu mawazo yatarudi na swali jipya: "na kama walikosea?"

Kama kuna msomaji mwingine aliyepigwa hivi jana au juzi, yeye asisubiri tarehe yoyote. Ziko dawa zinazozuia virusi visishike mwilini: zianzwe ndani ya saa 72, mapema kadiri iwezekanavyo, zinywewe siku 28. Bukavu tunazifahamu vizuri kuliko miji mingi, kwa msiba wetu, kwa sababu ndizo zilizomo kwenye kit PEP anayopewa mwanamke aliyebakwa, hospitali ya Panzi na kwingineko. Wengi hawajui kwamba aliyechomwa na sindano yenye mashaka anaweza kuziomba pia. Kwako wewe muda huo umepita, na kwa hesabu niliyokufanyia sioni sababu ya kuulilia.

Turudi kwenye homa ya ini B, "epatiti B" kama utakavyosikia maabara. Inapita kwa sindano kirahisi, na virusi vyake vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga wa Congo mwishoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo kwa umri wako hukuipata utotoni. Watoto wako, kama walimaliza sindano zao za wiki 6, 10 na 14, wanayo, hiyo iondoe kichwani. Wiki hii pima vitu viwili kwa damu moja: kama una virusi vya B sasa, na kama una kinga ya zamani, maana watu wengi hapa kwetu waliugua utotoni wakapona bila kujua. Ukiwa huna virusi wala kinga, anza chanjo siku hiyo hiyo: sindano ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Haitafuta kilichotokea siku 40 zilizopita, lakini hutarudi tena kwenye woga huu maisha yako yote. Rudia kupima siku ya 90 na mwezi wa sita. Na hata ikitokea uliambukizwa, mtu mzima mwenye afya huiondoa mwenyewe mwilini karibu mara 95 kati ya 100. Ukiona macho ya njano, mkojo mweusi, kichefuchefu kisichoisha au maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, usisubiri tarehe.

Homa ya ini C ipimwe pamoja na hizo siku ya 90 na mwezi wa sita. Leo ina vidonge vya miezi mitatu vinavyoponya zaidi ya watu 95 kwa 100. Pepopunda ingekuwa imejionyesha tayari, na kwa mimba zako mbili nadhani ulipata chanjo zake CPN, kliniki ya wajawazito.

Kivimbe. Sindano ya nyama inaweza kuacha ugumu wa kawaida, lakini huo huanza siku zile zile na kupungua. Chako kimeanza karibu wiki nne baada ya sindano na bado kipo. Jipu la kawaida nalo huja haraka: siku chache, moto, maumivu makali, homa. Kivimbe kinachokuja kimya kimya baada ya wiki, kigumu, pengine chenye rangi ya zambarau, kisichouma sana, kinanifanya nifikirie vijidudu fulani vya maji na udongo, ndugu wa mbali wa kifua kikuu. Vinaingia kwa dawa iliyochanganywa na maji yasiyo safi, au kwa ngozi na vyombo vilivyosafishwa vibaya. Vimeshawapata wengi duniani baada ya sindano na upasuaji wa urembo. Havisikii amoksilini, na ndiyo shida yake: mtu anameza amoksilini ya farmasia wiki moja, halafu ampisilini, halafu nyingine, kivimbe kinatoboka, kinatoa maji kidogo, kinafunga, kinatoboka pembeni.

Kwa hiyo kivimbe kionwe na daktari wa upasuaji wiki hii, si mwezi ujao. Usikikande kwa maji ya moto, usikibinye, usimruhusu mtu wa saluni akipasue, na usianze dawa yoyote ya vijidudu kabla ya kuonwa, maana itaharibu kipimo. Mwambie daktari ukweli wote: sindano ya urembo, tarehe, mahali. Mwombe majimaji au kipande kipelekwe maabara na kitafutwe pia vijidudu vya jamii ya kifua kikuu. Nasisitiza kwa sababu asipoambiwa hatavitafuta. Vikikutwa, vinatibika, ila kwa dawa zaidi ya moja na kwa miezi, na ikianza mapema kovu linakuwa dogo. Inawezekana vile vile kikawa uvimbe wa mafuta ya dawa tu. Kikiwa hivyo, utakuwa umepoteza asubuhi moja.

Swali ambalo hakuna aliyeuliza siku ile ni ndani ya chupa kulikuwa na nini. Kwa jina ni glutathioni, mara nyingi na vitamini C nyingi. Lakini chupa hizi zinapita mikono mingi kabla ya kufika kwenye saluni, na katika sindano za kung'arisha na kunenepesha hukutwa pia dawa za jamii ya deksamethasoni. Hizo zinajaza uso ukadhani umependeza, huku zinapandisha sukari na presha na kulaza kinga ya mwili. Basi waombe wakupime sukari na presha pia. Vitamini C kwa wingi mkubwa inaweza kuvunja damu ya mtu aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huo si adimu kwenye nchi zenye malaria. Hilo kwako lingekuwa limeshaonekana, mkojo ungegeuka mweusi siku zile zile. Na kama pamoja na sindano ulikuwa unapaka mafuta ya kung'arisha kwa miezi, usiyaache ghafla bila kumwambia daktari, ngozi inaweza kulipuka.

Jasho, kukonda, tezi. Dalili za mwanzo za virusi vya Ukimwi, kwa wanaozipata, huja wiki ya 2 hadi ya 4: homa, koo, vipele, uchovu, halafu zinaondoka zenyewe. Zinafanana na malaria na mafua kiasi kwamba hakuna daktari mwenye akili anayeweza kusema kwa kuzitazama. Tezi za shingoni unazozigusa, niambie, unazigusa mara ngapi kwa siku? Tezi inayobonyezwa asubuhi, mchana na usiku inavimba na kuuma kwa kubonyezwa. Isitoshe, uchafu wa tako hukusanywa na tezi za kinena, sio za shingo. Mtu asiyelala na asiyekula anakonda. Mtu anayeamka saa nane za usiku moyo ukimdunda anatoka jasho. Hata hivyo, kwa kuwa tuko Bukavu na kazi yangu ni kutosahau: jasho la usiku na kukonda kwa zaidi ya wiki mbili ni sababu ya kupima kifua kikuu. Ukiwa huko huko hospitalini, omba na hicho.

Nikwambie nilichokiona katika kazi hii. Muuguzi aliyejichoma na sindano ya mgonjwa mwenye virusi vinavyojulikana anaanza dawa zake, anaogopa siku chache, analala. Mwanamke aliyepigwa sindano ya urembo, mwenye hatari ndogo mara nyingi zaidi, halali miezi mitatu. Tofauti si kwenye damu. Muuguzi alikuwa kazini. Mwanamke anajiambia "nilijitakia", anangoja adhabu, na kwa kuwa adhabu haijafika anaendelea kuitafuta shingoni kwa vidole. Dada, virusi havisomi makosa ya mtu. Kutaka kupendeza kwenye harusi ya shemeji si dhambi ambayo damu yako itaadhibiwa kwayo. Kosa la serengi ni la aliyeishika.

Mpaka tarehe zako zifike, shingo isiguswe, atakayeigusa ni daktari tu. Simu usiku ilale chumba kingine. Mawazo yape nusu saa yake mchana, ukae nayo, uandike unachoogopa, halafu ukapike. Mtafute mtu mmoja wa kumwambia, mmoja tu na mwenye kifua. Kama unasali, sali, lakini usikubali kufunga chakula siku tatu kwenye chumba cha maombi wakati umeshakonda hivi. Na kama mawazo ya kufa yanakupitia, au umeshindwa kabisa kula na kuwaangalia watoto, nenda SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Bukavu, au kwa mhudumu wa saikolojia wa hospitali iliyo karibu. SOSAME si ya wanaookota makaratasi barabarani tu, wanahudumia pia watu walioshindwa na hofu.

Bwana yako. Naelewa kwa nini umenyamaza, lakini tayari anajua kuna kitu. Mwanaume anayekimbiwa kitandani siku 40 hafikirii serengi, anafikiria mwanaume mwingine. Ukweli wako ni mwepesi kuliko anachokiwaza. Mwambie: "Nilipigwa sindano na serengi iliyokuwa imetumiwa na wenzangu. Nimepima mara mbili sina kitu. Docta amesema tutumie kondomu mpaka tarehe fulani, halafu tumalize." Mwonyeshe karatasi ya tarehe. Kondomu ni mpaka jibu la mwisho la Ukimwi litoke na homa ya ini B ipimwe siku ya 90, na mimba nayo isubiri hadi hapo. Wembe, mswaki na kikata kucha viwe vyako peke yako. Damu usimtolee mtu mpaka miezi sita iishe. Zaidi ya hapo hakuna mipaka: sahani, vikombe, choo, kuwabusu watoto, kulala shuka moja, yote ni sawa. Kama una sababu ya kuogopa mkono wake, usimwambie peke yako nyumbani. Nendeni kituo cha afya, mhudumu wa ushauri azungumze mkiwa wote wawili.

Na zile sindano mbili ulizolipia: usizimalize, hata akikuletea serengi mpya kwenye paketi. Ufilipino, ambako sindano za glutathioni zilivuma sana, mamlaka yao ya dawa ilianza kuonya tangu 2011 dhidi ya kuzitumia kung'arisha, kwa madhara ya ini, figo, na vipele vikali vinavyoweza kuua. Weupe wenyewe unarudi ulikotoka ukiacha kupigwa. Rudi kwa yule mama wa saluni mara moja tu, mchana, na mwenzako mmoja. Omba pesa yako kwa upole. Akikataa, usigombane, kuna kitu cha thamani zaidi pale: mwombe akuonyeshe chupa, hata tupu, na uipige picha kila upande, jina, namba, tarehe ya mwisho, hata kama ni maandishi usiyoweza kuyasoma. Picha hiyo mpelekee daktari atakayeangalia kivimbe.